Taarifa ya Chama Inapokataa Kufunguka



Katika ukaguzi wangu huku Tingi nilikuta taarifa ya mwezi imekwama. Kompyuta ilidai programu-jalizi haipo, naye Katibu alikwisha jiandaa kupanda gari kwenda Mbinga, kwa nauli ya wanachama.

Programu-jalizi ni programu ndogo iliyochomekwa katika kivinjari cha intaneti ili kifanye kazi kisiyoiweza chenyewe. Zamani zilitumika sana, lakini zikawa mlango wa wezi, ndipo vivinjari vikazifungia. Chrome ilikataa ile ya Java mwaka 2015, Firefox mwaka 2017, na Flash ikakoma tarehe 31 Desemba, 2020. Kwa hiyo mara nyingi kompyuta si mbovu, wala mtandao hauna kosa. Ukurasa wenyewe ndio uliopitwa na wakati.

Hatari kubwa ni kuitafuta Flash ovyo. Anayekuambia leo uipakue kwake huenda anawinda nywila yako, nayo ndiyo ufunguo wa hesabu za kahawa ya wakulima.

Jaribu kwanza kivinjari kingine kilicho kipya. Ikiwa ukurasa uliundwa kwa Internet Explorer, iliyoondolewa Juni 2022, Edge inayo hali ya kuufungua kwa namna ile ya zamani. Ukishindwa, piga picha maneno ya kosa kwa simu, uyapeleke kwa ofisi yenye programu hiyo. Kuirekebisha ni wajibu wao, si wa Chama. Wakati unasubiri, andika taarifa katika karatasi, uitie sahihi na muhuri, uiwasilishe kabla ya tarehe kupita.