Kuhesabu Papa na Taa Bila Kuwavua

Wakaazi wengi wa Mji wa Kale wanamjua papa kwa mchuzi. Papa mkavu ameshushwa Bandari ya Kale na majahazi ya kutoka Uarabuni na Somalia tangu enzi za mababu. Ndiyo maana huenda ukashangaa kusikia kwamba Kenya imetajwa miongoni mwa nchi ambazo papa karibu wametoweka katika matumbawe yake.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2020 katika jarida la Nature ulikagua matumbawe 371 katika mataifa 58. Katika nchi na maeneo sita, Kenya ikiwemo, zaidi ya saa 800 za video zilionyesha papa watatu pekee. Watatu kwa yote sita, si kwa Kenya peke yake. Sokoni bado anaonekana, lakini papa wa sokoni anaweza kuwa ametoka mbali na miamba yetu.

Hesabu hiyo ilipatikana bila ndoana wala nyavu. Watafiti huteremsha fremu ya chuma yenye kamera na mkono mrefu uliofungwa kifuko cha samaki wa mafuta waliopondwa. Harufu huwavuta papa na taa, kamera hurekodi kwa saa moja hivi, kisha fremu hupandishwa. Papa mmoja anaweza kupita mara tano, kwa hivyo hawajumlishi kila anayepita. Huchukua idadi kubwa zaidi iliyoonekana kwa wakati mmoja. Kamera zikiwa mbili, hata urefu wake hupimika.

Njia hii inafaa eneo kama Hifadhi ya Bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka wa 1986, ambapo uvuvi umepigwa marufuku ndani ya kilomita 10 za mraba. Papa huchelewa kukomaa na huzaa wachache. Kumuua ili kumhesabu ni hasara.

Kamera haioni kwenye maji ya tope, na hapo mikondo ya Tudor na Port Reitz hutushinda, hasa msimu wa masika. Huko kinachofaa ni kuchota maji na kuyachuja ili kutafuta vinasaba vilivyoachwa na ute na ngozi ya samaki. Kipimo hicho husema ni aina gani imepita, lakini hakisemi ni wangapi wala wakubwa kiasi gani. Tena karibu na soko la samaki kinaweza kudanganya: maji ya kuoshea papa humwagika humo humo baharini.

Wavuvi nao wana sehemu yao. Picha ya papa au taa aliyeletwa bandarini, pamoja na urefu wake na mahali alipovuliwa, ni takwimu tosha. Ipelekeni kwa afisa wa uvuvi kupitia BMU yenu. Na ukikuta boya dogo limefungwa kamba iliyoshuka chini wakati wa utafiti, tafadhali usilivute. Chini yake kuna kamera inayofanya kazi.