Mirihi Juu ya Mashamba ya Miwa

Usiku wa 27 Julai 2018, Mwezi ulipopatwa na kuwa mwekundu kuanzia saa nne na nusu, wengi nchini Kenya waliona kando yake nuru nyingine ya rangi ya chungwa. Hiyo ilikuwa Mirihi.

Kila miezi 26 hivi Dunia huipita Mirihi katika safari ya kulizunguka Jua. Lakini njia ya Mirihi si duara kamili, hivyo mara moja tu katika miaka 15 au 17 huwa karibu mno, na wakati huo huelekea kusini mwa anga. Hapo Muhoroni, mji wa miwa nchini Kenya ulio jirani kabisa na ikweta, huishinda London. Usiku ule Mirihi ilipanda nyuzi 13 tu London. Muhoroni ilifika nyuzi 65. Ikiwa chini, mwanga wake hupenya hewa nyingi, na picha hutetemeka.

Kutetemeka huko kulizua makubwa. Mwaka 1877, mwanafalaki Schiaparelli akiwa Milan alichora mistari iliyokuja kudhaniwa kuwa mifereji iliyochimbwa na viumbe. Mwaka huohuo Nathaniel Green, mchoraji wa picha aliyependa nyota, alibeba darubini yake hadi kisiwa cha Madeira, kusini zaidi, akachora vivuli laini. Mimi ningemwamini Green: mkono wake ulijua kivuli. Mwaka 1909 mwanafalaki Antoniadi, kwa darubini ya lenzi ya sentimita 83 huko Meudon, Ufaransa, aliona mistari ikigeuka madoa tu, na chombo cha Mariner 4 kikafunga mjadala mwaka 1965.

Wapenzi wa nyota hawakuachishwa kazi. Mwaka 2012 ni wao walioona wingu la ajabu likiinuka ukingoni mwa Mirihi, zaidi ya kilomita 200 juu.

Ukiwa Muhoroni, subiri moshi wa miwa inayochomwa upungue, na usielekeze darubini juu ya mabati kabla hayajapoa. Joto lake huvuruga picha. Tafuta doa jeusi la Syrtis Major. Kesho yake, saa ileile, litakuwa limechelewa kidogo, kwa kuwa siku ya Mirihi huizidi yetu kwa dakika 40 hivi.

Septemba 2035 Mirihi itakaribia hadi kilomita milioni 57. Usingoje hadi wakati huo: anza na mkaribio wa Februari 2027, ingawa itakuwa mbali zaidi, jicho lako lizoee.