Kuhamisha Rekodi za Kikundi Mtandaoni Bila Kuzipoteza



Mama mmoja mwekahazina alikuja ofisini kwetu siku ya soko akiwa na wasiwasi mwingi. Kikundi chao ni cha maji na mbuzi wa maziwa. Daftari lao la kwanza la hisa liliharibiwa na mchwa, kwa hivyo tangu mwaka wa 2017 katibu wao, kijana mwenye bidii, amekuwa akipiga picha kila ukurasa wa daftari, kila risiti na kila muhtasari wa mkutano, na kuziweka kwenye hifadhi ya Google Drive. Ni kazi nzuri. Shida ni kwamba hifadhi hiyo aliifungua kwa jina lake mwenyewe. Saa hii kijana yuko Doha kikazi, hifadhi imejaa na haikubali kitu kipya, na Desemba kina mama wanagawana hisa. "Sasa nani atasema nani ameweka pesa ngapi?" mama akatuuliza.

Zaidi ya hayo, mfadhili wa tangi lao la maji alikuwa amewaomba waweke ripoti zao kwenye OneDrive, ambayo ni hifadhi ya kampuni ya Microsoft. Kwa hivyo ilibidi wahame. Tuliwasaidia, na kwa kuwa vikundi vingine vitatu vimetuuliza jambo hilo hilo, tumeona tulieleze hapa.

Kwanza, neno "wingu" lisiwatishe. Watu husema faili ziko kwenye wingu, lakini hakuna kitu kilicho angani. Picha unayotuma inakwenda kukaa ndani ya kompyuta kubwa za kampuni fulani, kwenye jengo lenye stima na ulinzi usiku na mchana. Wewe unapewa ufunguo, yaani akaunti na neno la siri. Ni kama ghala la kukodi. Tofauti ni kwamba magunia yakihamishwa kutoka ghala hadi ghala, la kwanza hubaki tupu. Faili haziko hivyo. Ukihamisha faili, unapeleka nakala, na ile ya kwanza inabaki mpaka wewe mwenyewe uifute. Hii ndiyo bahati yetu katika kazi hii, na tutairudia hapo mbele.

Kuhusu nafasi: Google humpa mtu GB 15 bila malipo, lakini nafasi hiyo ni moja kwa barua pepe, picha na hifadhi ya faili. Ndiyo maana ya katibu ilijaa. Tulipoangalia pamoja naye, rekodi za kikundi zilikuwa GB 3 tu. Zilizobaki zilikuwa video za harusi na picha zake za simu. OneDrive ya bure ni GB 5, ndogo zaidi, lakini kama ni ya kikundi peke yake inatosha kwa miaka. Tungependa kusema wazi hapa: kama si lazima mhame kampuni, msihame. Fungueni tu akaunti ya kikundi pale pale mlipo. Hiyo ingekuwa kazi rahisi kuliko hii.

Sasa jambo la akaunti. Wengi wenu mna lile sanduku la akiba lenye kufuli tatu, na funguo tatu ziko kwa watu watatu. Mbona basi rekodi za sanduku hilo ziwe na ufunguo mmoja, mfukoni mwa mtu mmoja? Akaunti mpya ifunguliwe kwa jina la kikundi. Nambari ya simu ya kupokelea msimbo iwe ya laini ambayo kikundi kinaijua na inayotumika, kwa sababu laini ikikaa kimya muda mrefu huweza kupewa mtu mwingine kabisa. Microsoft hutoa pia msimbo mrefu wa kurudisha akaunti ikipotea. Uandikeni kwenye karatasi, pamoja na neno la siri, mtie ndani ya bahasha, watu watatu watie sahihi juu ya gundi, kisha bahasha iingie sandukuni. Ikifunguliwa bila mkutano, itaonekana.

Jambo jingine: akaunti isiyoguswa hufa. Tangu Desemba 2023, Google inaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi ambayo haijatumika kwa miaka miwili, na kila kitu kilichomo. Microsoft nayo ina sheria kama hiyo ya miaka miwili. Mtu mmoja apewe kazi ya kuingia kila mwezi, hata kama ni kuangalia tu.

Kabla hatujahamisha kitu, tulikaa na kina mama tukahesabu. Jioni nzima. Wengine walichoka, lakini bila hesabu hii hamwezi kujua kama kitu kimepotea njiani. Tuliandika kwenye daftari: folda ya hisa, faili 412, folda ya risiti, 655, mihtasari, 96, na kadhalika. Tukaandika pia ukubwa wa kila folda.

Wakati huo huo tulirekebisha majina. OneDrive haikubali alama fulani katika jina la faili, kwa mfano mkwaju, nukta mbili, alama ya kuuliza na nyota. Google inazikubali. Katibu alikuwa na faili nyingi zenye majina kama "Risiti 14/3/2019". Tulizibadilisha ziwe "2019-03-14 risiti". Ukianza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, faili zinajipanga zenyewe kwa tarehe. Kuna faida nyingine kubwa ambayo wengi hawaifikirii: faili ikihamia hifadhi mpya, mara nyingi mtandao huionyesha kwa tarehe ya siku ulipoipakia. Mkaguzi akija atashangaa kuona risiti zote za miaka saba ni za siku moja! Tarehe ikiwa ndani ya jina, haipotei.

Kisha tukampigia katibu. Doha na Nairobi saa ni moja, kwa hivyo hakuna kuamshana usiku. Tulikuwa kwenye saiba ya soko, tukaomba kompyuta iliyo pembeni. Akaunti ni yake, naye ndiye aliyekubali; bila yeye tusingeweza, wala haingefaa tujaribu kuingia kwa ujanja. Google ilipotuma msimbo kwenye simu yake, alitusomea. (Hapa tunawaonya: msimbo kama huo usimpe mtu yeyote anayekupigia ghafla akijiita wa kampuni. Sisi ndio tuliompigia, na tunajuana.)

Google ina mahali panapoitwa Takeout. Hapo unachagua unachotaka kuchukua, nasi tulichagua Drive peke yake, tukaacha barua na picha za katibu. Google hukusanya faili na kuzifunga ndani ya vifurushi vya zipu, kisha hutuma barua pepe kwamba viko tayari. Inaweza kuchukua saa kadhaa, hata siku. Usikae saiba ukilipia dakika za kungoja. Nenda nyumbani, urudi barua ikifika. Lakini usikawie, kwa sababu kiungo cha kupakulia huisha baada ya wiki moja hivi, na hapo itabidi uanze upya. Tulichagua vifurushi vidogo vya GB 1, ili stima ikipotea katikati tusirudie chote.

Hesabu pia bando. Kupakua GB 3 na kupakia GB 3 ni GB 6. Na kupakia huenda pole pole kuliko kupakua. Kwa mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde, GB 3 huchukua karibu saa tatu na nusu. Sisi tulipakua siku moja, tukaweka kwenye flashi ya kikundi, tukapakia siku nyingine tukiwa ofisini. Kumbukeni kwamba zipu lazima ifunguliwe kwanza ndipo faili zipakiwe, folda kwa folda. Mkipakia zipu yenyewe, mama akiwa kijijini na simu yake itamsumbua kuona ndani.

Tunataka kusimama kidogo kwenye mtego mmoja, kwa sababu sisi wenyewe tuliwahi kunaswa. Kuna njia nyingine ya kuhamisha, ambapo kompyuta huonyesha Google Drive kama folda ya kawaida, nawe unavuta faili kutoka huku hadi kule. Picha na PDF huenda vizuri. Lakini barua na majedwali yaliyoandikwa ndani ya Google yenyewe si faili kamili pale kwenye kompyuta. Unachoona ni kikaratasi tu cha kuelekeza njia, chenye jina linaloishia na .gdoc au .gsheet. Ofisini kwetu tulivuta mihtasari yote kwa njia hiyo, tukaona majina yote yamefika, tukafurahi, tukafuta za zamani. Baada ya wiki tatu padri akaomba muhtasari mmoja. Tulipobonyeza, ikatuambia faili haipo. Tulikuwa tumehamisha vibao vya barabarani na kubomoa nyumba zilizoelekezwa! Kilichotuokoa ni kwamba pipa la takataka la Google Drive huweka vitu siku 30 kabla ya kuvifuta kabisa. Tulikuwa tumebakiza siku chache tu.

Takeout haina shida hiyo, maana hugeuza barua kuwa Word na majedwali kuwa Excel. Hata hivyo fungueni majedwali muangalie jumla. Hesabu za kawaida za kujumlisha hufika salama, lakini jedwali lililokuwa likivuta nambari kutoka jedwali jingine huweza kukatika. Katika kikundi hiki jedwali la faini lilikatika hivyo, na mama mmoja akaonekana hana deni. Alicheka, lakini alilipa.

Kitu kingine kisichohama ni ruhusa. Kama mwenyekiti, mweka hazina na mfadhili walikuwa wameruhusiwa kuona folda kwenye Google, huko OneDrive hawajulikani. Lazima muwaalike upya, mmoja mmoja. Hii si hasara. Tulipopitia orodha ya zamani tulikuta watu wawili waliotoka kikundini kitambo, na bado walikuwa wanaweza kufungua daftari la hisa. Mna picha za vitambulisho na nambari za simu za wanachama humo ndani, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inawataka muwe waangalifu nazo. Wengi wapewe ruhusa ya kusoma tu. Wa kubadilisha wawe wawili.

Na ile kompyuta ya saiba msiiache ikiwa na rekodi zenu. Futeni vifurushi mlivyopakua, mwage na takataka ya kompyuta, kisha mtoke kwenye akaunti zote mbili. Tumewahi kukalia kiti cha saiba tukakuta akaunti ya mtu iko wazi na barua zake zote.

Kisha tukarudi kwenye lile daftari la hesabu. Risiti 655, zimefika 655. Mihtasari 96, zimefika 96. Hisa 412, zimefika 398. Faili 14 hazipo.

Tulitafuta karibu saa mbili. Mwishowe katibu msaidizi akakumbuka kwamba kuanzia Machi 2020, wakati mikutano iliposimamishwa kwa sababu ya korona, yeye ndiye aliyekuwa akipokea pesa nyumba kwa nyumba na kupiga picha kurasa. Alizipakia ndani ya folda ile ile, lakini kwa akaunti yake. Kwenye folda zilionekana kama za wote, ila mwenyewe alikuwa yeye. Faili iliyo mali ya mtu mwingine huenda isiingie kwenye Takeout yako, hata kama unaiona kila siku. Tuliingia kwa akaunti yake, tukazipata zote 14. Ndizo zilizokuwa na michango ya miezi ambayo kina mama walikuwa wanabishania zaidi.

Siku hiyo mzee mwenyekiti alitaka katibu afute za zamani mara moja ili nafasi yake irudi. Tulimwomba asubiri. Tulikubaliana kwamba kikundi kitatumia hifadhi mpya peke yake, mtu yeyote asiongeze kitu kwenye ile ya zamani, na katibu atafuta baada ya mgao wa Desemba kupita na kila mama kutia sahihi kwamba hisa zake ni sawa. Katibu alikubali. Video za harusi amehamishia kwingine kwa sasa.

Kwa hivyo leo kikundi kina nakala tatu: moja OneDrive, moja kwa katibu, na moja kwenye flashi iliyo sandukuni pamoja na bahasha. Mama mwekahazina aliomba kurasa za hisa zichapishwe pia kwenye karatasi, maana anasema flashi haisomeki kwa macho. Zimechapishwa. Ziko ndani ya mkebe wa biskuti wenye mfuniko, mchwa wasifike.