Ziwa Kivu: Jile ya kuokoa maisha inachaguliwa namna gani?

Tangu mwezi wa nne mwaka 2019, kuvaa jile ya kuokoa maisha ndani ya boti si jambo la hiari. Baada ya boti kuzama upande wa Kalehe, Rais Félix Tshisekedi aliagiza kila msafiri aivae. Pamoja na hiyo, tarehe 3 mwezi wa kumi mwaka 2024, boti MV Merdi iliyotoka Minova ilizama karibu na Kituku, ikiwa imebaki kidogo tu ifike Goma. Makumi ya watu walikufa maji.

Wasafiri wengi wanaijua jile kwa rangi yake ya chungwa. Namna ya kuichagua ndiyo haijulikani sana. Na jile isiyofaa mwili wa mwenye kuivaa inaweza kumuacha azame akiwa ameifunga vizuri.

Kilo chache zinatosha

Ndani ya maji, mtu hana uzito ule wa kwenye mizani. Maji yenyewe yanambeba karibu wote. Mtu mzima anahitaji kuongezewa kama kilo 3 mpaka 5 tu ili kichwa kibakie juu. Ndiyo sababu bidoni ya njano ya lita 20, ikiwa tupu na imefungwa kabisa, inaweza kusaidia watu watatu ao wanne wanaoishikilia. Matata ni kwamba bidoni inataka mikono. Mikono ikichoka, ao mtu akizimia, bidoni inakwenda zake. Jile inabaki mwilini.

Nguvu ya jile inaandikwa kwa nyutoni. Nyutoni 10 ni sawa na kubeba kilo 1. Kwenye kitambaa kidogo kilichoshonwa ndani, jile nyingi za kweli zinaonyesha moja ya namba hizi:

- 50: ni ya mtu anayejua kuogelea, aliye karibu na pwani, na msaada uko hapo hapo. Haitamgeuza mtu aliyezimia.
- 100: ni ya maji yaliyotulia, kwa anayejua na asiyejua kuogelea.
- 150: ni ya maji wazi yenye mawimbi. Imetengenezwa ili imgeuze mtu aliyezimia, uso uangalie juu.
- 275: ni ya wafanyakazi wa baharini wenye nguo nzito na vyombo vya kazi.

Kwa safari ya Ziwa Kivu, ambako upepo unaweza kubadilika katikati ya njia, asiyejua kuogelea asikubali chini ya 100. Ile ya 150 ni bora zaidi. Aangalie pia kama iko na kola nyuma ya shingo. Kola ndiyo inashika kichwa.

Kuna pia jile nyembamba zinazojaa hewa kwa chupa ndogo ya gesi. Ni nyepesi, lakini chupa hiyo inatumika mara moja tu, na inapaswa kukaguliwa kila wakati. Kwa boti ya wasafiri wengi, ile ya kawaida yenye vipande vya plastiki vyepesi ndani ni ya kuaminika zaidi, juu haingojei kitu chochote ili ielee.

Ipimwe kwa mwili

Kwenye kitambaa hicho hicho kuna uzito wa mtu ambaye jile ilitengenezewa, na mara mingi kipimo cha kifua. Mtoto wa kilo 20 ndani ya jile ya mtu mkubwa atateleza, jile ibaki juu na yeye aende chini.

Kipimo ni rahisi. Vaa, funga mikanda yote, inua mikono, kisha mwenzako avute jile juu kwa mabega. Ikifika masikioni, ni kubwa. Jile ya mtoto inapaswa kuwa na mkanda unaopita katikati ya miguu, ili isipande.

Mtoto wa mgongoni

Hapa kuna hatari ambayo mama wengi hawajaambiwa. Jile nzuri inamlaza mtu chali, uso juu. Kama mama amefunga mtoto mgongoni na kitenge, kisha amevaa jile, maji yatamgeuza mama na mtoto atakuwa chini yake, ndani ya maji. Jile inayookoa mama inaweza kumzamisha mtoto.

Kwa hiyo, kabla ya kupanda boti, kitenge kifunguliwe. Mtoto avae jile ya kipimo chake na apakatwe mbele, bila kufungwa kwa mama. Kama boti haina jile ya mtoto, hiyo ni sababu ya kutosha ya kungojea boti ingine.

Jile bandia

Mwezi wa kwanza mwaka 2016, mjini Izmir, polisi ya Uturuki ilikamata zaidi ya jile bandia 1,200 zilizotengenezwa kwa ajili ya wakimbizi waliotaka kuvuka bahari. Jile za namna hiyo zinajazwa vitu vinavyonyonya maji, kama sponji ya godoro. Kwa macho zinafanana na za kweli.

Anayenunua yake aifinye kwa nguvu: ile ya kweli inarudia umbo lake haraka. Avute mishono na mikanda. Akifika nyumbani, aizamishe ndani ya beseni na kitu kizito juu yake, usiku mzima. Ikitoka nzito, si jile tena. Kisha aijaribu kwenye maji ya kumfika kifuani, pamoja na mwenzake: akunje magoti na alale nyuma. Mdomo na pua vinapaswa kubaki juu ya maji.

Jile isikaliwe kama mto, isiwekwe karibu na mafuta ya injini, na ikaushwe kivulini. Jua na uzito vinaiua polepole.

Ivaliwe tangu bandarini

Boti ikipinduka, hakuna nafasi ya kutafuta jile chini ya benchi wala ya kufunga mikanda. Na kwa boti yenye chumba cha ndani, msafiri ajue jambo moja zaidi: chumba kikijaa maji, jile inaweza kumsukuma kwenye dari na kumzuia kutoka. Akae karibu na mlango kama inawezekana, na atoke mapema, mbele ya maji kupanda.

Bei ya safari inalipwa bandarini. Hapo hapo, mbele ya kutoa pesa, ndipo msafiri yuko na nguvu ya kusema: "Hii jile iko kubwa kwa mtoto wangu, nipe ingine."