Durban: mshipi wa kinga hupimwa kwa uzito wa risasi, si kwa ukubwa wa samaki

Samaki aitwaye shad anapokaribia pwani ya Durban, nchini Afrika Kusini, ufuko wa Blue Lagoon hujaa watu. Ni pale mto Umgeni unapoingia katika Bahari ya Hindi. Wavuvi husimama bega kwa bega, fimbo zao za zaidi ya mita 4 zikielekea mawimbi, na nyuma yao kuna magari yaliyoegeshwa, familia na watoto. Ukitega sikio, hukosi kusikia Kiswahili cha Kivu, kwa sababu Wakongomani wengi wamehamia mji huo.

Mmoja wao ni baba wa miaka hamsini na kitu, mzaliwa wa Uvira. Tumempa ahadi ya kutotaja jina lake. Riziki yake ni kulinda magari ya watu mjini. Kwao Uvira alizoea mshipi wa mkononi na nyavu za ndagala za usiku, zile zinazovutwa kwa mwanga wa taa. Fimbo ndefu aliikuta Durban. Aliinunua ikiwa imetumika, pamoja na mulineti, akaweka nailoni ya milimeta 0.35, kisha akafunga risasi ya gramu 140 moja kwa moja kwenye nailoni hiyo.

Mara ya tatu kurusha, mshipi ulikatika. Risasi haikwenda baharini. Ilikwenda kuume, ikavunja kioo cha nyuma cha gari. Mlinzi wa magari alilipa kioo hicho kidogo kidogo kwa miezi minne. Wenzake bado wanamcheka, naye hucheka pamoja nao. Lakini anaposimulia, huonyesha kwanza mahali walipokuwa wamekaa watoto watatu, ndipo aonyeshe mahali gari lilipokuwa.

Kwa Kiswahili kile chuma cha kuzamisha chambo na kile kinachotoka kwenye bunduki tunaviita kwa neno moja: risasi. Ufukoni, jina hilo halidanganyi. Tufanye hesabu ya shule ya sekondari. Ili kitu kifike mita 150, hata kama hakuna hewa ya kukizuia, lazima kiondoke kwa mwendo wa karibu kilometa 138 kwa saa. Kwa kuwa hewa ipo, mwendo wa kweli unazidi huo. Risasi ya gramu 150 ikienda hivyo, pigo lake ni sawa na mfuko wa kilo 10 unaoangushwa kichwani kutoka urefu wa mita moja na zaidi, tena pigo lote linakusanyika mahali padogo kuliko yai.

Kwa nini basi watu hawatumii mshipi mnene tangu mwanzo hadi mwisho? Kwa sababu mshipi mnene hauendi mbali. Unajaza bobini haraka, unakamatwa na upepo, unasukumwa na mkondo. Nailoni ya 0.35 huruka vizuri na inavumilia karibu kilo 7, zinazotosha kwa samaki wengi wa ufukoni ukiwa na subira. Kinachoishinda ni ile nusu sekunde ya kurusha, fimbo inapokunjika na risasi kuvutwa kwa nguvu zote za mikono na mgongo. Ndiyo maana mbele ya mshipi mkuu huungwa kipande cha nailoni nene, cha kuvumilia mshtuko huo peke yake. Wafaransa wanakiita arraché. Sisi hapa tutakiita mshipi wa kinga.

Kosa la wengi wanaoanza ni kuchagua kinga kwa kufikiria samaki. Shad wa kawaida huwa na kilo moja hivi, wakati mwingine chini ya hapo. Mtu anajiuliza, kwa nini nifunge mshipi wa kilo 22 kwa samaki wa kilo moja? Swali lina akili, ila limeulizwa kwa kitu kisichohusika. Kinga inapimwa kwa risasi. Kanuni iliyoenea kati ya wavuvi wa pwani za Uingereza, inayofuatwa mahali pengi, ni pauni 10 za nguvu kwa kila aunsi ya risasi. Kwa vipimo vyetu, zidisha gramu za risasi kwa 0.16, utapata kilo ambazo mshipi wa kinga lazima uvumilie. Risasi ya gramu 112 inataka kilo 18. Ya gramu 140 inataka zaidi kidogo ya 22. Ya gramu 170 inataka 27. Kwa nailoni ya kawaida, kilo 22 ni unene wa karibu milimeta 0.70, na kilo 27 ni karibu 0.75, lakini soma karatasi ya bobini, kwa maana watengenezaji hawalingani.

Mbona kilo nyingi hivyo kwa kitu cha gramu 140? Kwa sababu fundo hupunguza nguvu ya nailoni, mchanga huikwaruza, jua huichosha, na mkono wa mtu hauvuti sawasawa kila mara. Kanuni imeacha nafasi kwa siku mbaya. Nimewasikia wengine wakisema mshipi mnene unafukuza samaki. Sikubaliani nao. Ndoana haifungwi kwenye kinga. Inaning'inia kwenye kamba yake fupi, ambayo unaweza kuifanya nyembamba upendavyo, au ya waya kwa sababu ya meno ya shad.

Urefu ndio unaosumbua zaidi, ingawa hesabu yake ni nyepesi. Simama kama mtu anayetaka kurusha. Anzia kwenye risasi inayoning'inia, panda hadi ncha ya fimbo: mita moja na nusu. Shuka kutoka ncha hadi kwenye mulineti: karibu mita 4 kwa fimbo ndefu za Durban, ambako wengi huweka mulineti chini kabisa. Kisha zungusha kinga kwenye bobini mara 6 hadi 8. Hapo ndipo penye siri yote. Mizunguko hiyo ndiyo inayobeba mvuto. Fundo likibaki nje ya bobini wakati wa kurusha, ni mshipi mkuu unaobeba, na kinga yako imekuwa pambo. Jumla inafika mita 7. Ongeza moja, kwani kila ukifunga upya unakata kidogo. Mita 8 basi, na 10 kwa wale wanaoizungusha risasi mbali na mwili kabla ya kuirusha.

Penye mawe, ongeza tena, maana hapo kinga inafanya kazi ya pili ya kuvumilia kukwaruzwa. Kwenye mchanga mtupu, urefu wa ziada ni hasara: unazoa majani ya bahari na kupunguza umbali.

Kuhusu fundo, liwe dogo na lilowanishwe kabla ya kukazwa. Ukiwa na mulineti inayozunguka bobini yake, lilaze fundo upande ulio mbali na kidole gumba. Likipita chini ya kidole wakati wa kurusha, linachana ngozi. Wanaotumia uzi wa kusokotwa badala ya nailoni wavae kinga ya ngozi kwenye kidole, bila mjadala, maana uzi huo unakata kama wembe.

Na jambo ambalo baba wa Uvira alijifunza mwaka wa pili: kamba inayoshika risasi yenyewe, pamoja na vibanio na vipete vya chuma, lazima viwe na nguvu ile ile ya kinga. Rafiki yake alikuwa na kinga nzuri ya kilo 27 iliyoishia kwenye kibanio cha bei ya chini. Kibanio kilifunguka. Safari hiyo risasi iliangukia majini, bahati.

Kwetu RDC, ufuko wa bahari ni kilometa zipatazo 40 tu, huko Muanda na Banana, na wanaorusha fimbo ndefu ni wachache. Lakini mawimbi ya Atlantiki yanadai risasi nzito kama za Durban, na siku ya mapumziko ufuko wa Muanda nao hujaa waogaji. Mita 8 za nailoni nene ni sehemu ndogo sana ya bei ya fimbo.

Siku hizi, kabla ya kurusha kwa mara ya kwanza, baba wa Uvira hupitisha mita zote 8 kati ya vidole viwili, akitafuta mkwaruzo. Akiupata, anakata. Kisha anageuka kutazama nyuma, kuume na kushoto, anapaza sauti kwa Kizulu na kwa Kiswahili ili watu wasogee, anangoja, ndipo anarusha.