Kwa nini mashimo ya kale ya makaa ya mawe nchini Uingereza hayafukiwi ovyo

Juu ya Fountains Fell, mlima wenye urefu wa mita 668 katika Hifadhi ya Taifa ya Yorkshire Dales, kaskazini mwa Uingereza, yapo mashimo ya mgodi mdogo wa makaa ya mawe uliofanya kazi mwanzoni mwa karne ya 19. Karibu nayo limesalia tanuri la mawe ambamo makaa yalichomwa kuwa koki, nishati isiyo na moshi mwingi na iliyo nyepesi kubeba kuyashusha mabondeni.

Mahali pengine, ambako tabaka la makaa lilikuwa karibu na uso wa ardhi, wachimbaji walichimba shimo fupi, wakalipanua chini kwa umbo la kengele hadi dari ilipotishia kuanguka. Ndipo walipolihama na kuanza jingine hatua chache pembeni. Hivyo yakabaki mabonde madogo ya duara, kila moja limezungukwa na tuta la kifusi. Kwa mpita njia ni mashimo tu. Kwa mtafiti ni kumbukumbu ya kazi ambayo mara nyingi haikuandikwa popote.

Mabaki ya aina hii yanapoorodheshwa kwa mujibu wa Sheria ya Kumbukumbu za Kale na Maeneo ya Akiolojia ya mwaka 1979, hakuna ruhusa ya kuyachimba, kuyafukia wala kuyabomoa bila kibali cha Waziri, ambaye hushauriwa na taasisi ya Historic England. Anayeyaharibu kwa makusudi anaweza kufungwa hadi miaka 2. Hata kutumia kifaa cha kutafutia vyuma bila kibali ni kosa. Umiliki wa ardhi, hata hivyo, haubadiliki, wala wananchi hawapati haki mpya ya kuingia humo.

Jambo gumu ni usalama. Shimo la kale linaweza kudidimia ghafla chini ya mtu au mnyama, na mwenye shamba hawezi kuambiwa asubiri barua. Kwa sababu hiyo, amri ya mwaka 1994 inaruhusu kazi za dharura za kuokoa maisha au afya, mradi zisizidi kile kinachohitajika mara moja na taarifa ya maandishi ipelekwe kwa Waziri mapema iwezekanavyo. Uzio kwa kawaida hutosha kwa muda. Kifusi kilichomwagwa shimoni hakitoki tena.