Kabongo: Namna ya kuchunga divai pasipo frigo

Katika eneo la Kabongo, jimbo la Haut-Lomami, chupa ya divai haifunguliwi kila siku. Watu wanaitafuta kwa ajili ya ndoa, Noeli ao misa, na inakula feza nyingi. Lakini kuna mara siku ya sherehe inafika, kizibo kinatoka, na divai iko chachu kama siki. Wageni wanasema muuzaji aliwadanganya. Pengine hana kosa: divai iliharibikia nyumbani.

Vitu vitatu vinaharibu divai: joto, mwangaza na hewa.

Joto ndilo adui wa kwanza. Divai inapenda mahali pa digri 10 mpaka 15, pasipo kubadilika-badilika. Chini ya mabati, mchana wa mwezi wa kenda ao wa kumi, joto linapita 30. Hapo divai inazeeka mbio na kupoteza harufu yake. Kwa hiyo isiwekwe juu ya kabati wala karibu na jiko. Nyumba ya matofali ya udongo na nyasi inaichunga vizuri kuliko ya mabati. Chupa ikae chini kabisa, kwenye chumba cha giza, ndani ya karton.

Chupa yenye kizibo cha ganda la mti inalazwa, ili divai iguse kizibo. Kizibo kikikauka kinasinyaa, na hewa inaingia. Ile yenye kizibo cha chuma cha kuzungusha inaweza kusimama.

Na wakati wa kunywa? Wengi wanasema divai nyekundu inakunywiwa «kwa joto la chumba». Neno hilo lilitoka Ulaya, kwenye vyumba vya zamani vya digri 16 mpaka 18. Chumba cha Kabongo si hivyo. Nyekundu nayo inahitaji kupozwa kidogo, na nyeupe zaidi: digri 8 mpaka 12.

Pasipo frigo, funga chupa na kitambaa chenye maji, uisimamishe ndani ya beseni yenye maji kidogo, kwenye kivuli na upepo. Maji yakikauka yanabeba joto, sawa vile mtungi unapoza maji ya kunywa. Njia hii inasaidia sana wakati wa kiangazi. Wakati wa mvua nguvu yake inapunguka, sababu hewa imeshajaa unyevu.

Chupa ikifunguliwa, ifungwe tena na kuwekwa mahali pa baridi, na imalizwe kwa siku mbili ao tatu. Kwa paroasi jambo hili ni zito: kanuni ya 924 ya Kanisa Katoliki inaomba divai ya misa iwe ya zabibu na isiwe imeharibika.

Malafu ya ngazi yenyewe haingoji. Inaanza kuchacha tangu inapotoka kwenye mti, na kesho yake imeshakuwa kali. Baridi inaichelewesha tu. Heri inywewe siku ile ile.

Kwa yule asiyekuwa na mahali pa baridi, shauri ni moja: anunue divai juma moja mbele ya sherehe, si miezi mbele. Na ile iliyogeuka siki isimwangwe. Inafaa kwa saladi na kwa kulainisha nyama.